Alama ya Ardhi Upande wa Kushoto

2 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti la mkaza mjomba limeacha kutabiri mvua. Sisi hatujambo, kwa kiasi cha watu wasiolala. Bibi Mdogo ametimiza miezi saba. Ana meno mawili ya chini na anayatumia bila huruma. Baba yake yuko safarini na lori, na kila akirudi anamkuta mtoto mwingine, mrefu kidogo na mkali zaidi. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu najua simu kwako ni mluzi sikioni, na herufi zake unasema ni za kusomwa na sisimizi.

Sasa jambo lenyewe. Mchoraji wa karakana yetu ameacha kazi. Mkuu wetu ni mhandisi, mama mmoja tunayemwita Ngoja Kwanza kwa sababu hafungui hata mlango bila kuyasema maneno hayo. Alikuja kwenye benchi langu la kulehemu akaniuliza, "Wewe unajua kuchora saketi?" Nikajibu ndiyo. Mjomba, sijui mdomo wangu uliuazima wapi ujasiri ule. Mimi nilimaanisha kwa penseli, kama ulivyonifundisha mezani kwako. Yeye alimaanisha kwenye kompyuta.

Nimepewa miezi minne ya majaribio. Kazi ni kuchora pawa saplai ya mizani ya kliniki: umeme wa ukutani uingie upande wa kushoto, volti tano zitoke upande wa kulia. Nikiweza, kiti cha mchoraji ni changu. Nikishindwa naenda kufungasha maboksi zamu ya alfajiri, maana benchini kwangu ameshakaa mtu mwingine. Na mlezi wa Bibi Mdogo hafungui mlango kabla ya saa moja asubuhi, hata ubishe mpaka vidole viote sugu. Hesabu mwenyewe. Nikishindwa sina kazi.

Siku mbili nzima nilichora. Mjomba, ulikuwa mchoro wa kutundikwa sebuleni. Halafu nikabonyeza kitufe cha ukaguzi, ambapo programu inapita waya kwa waya kutafuta makosa. Ikaniletea makosa arobaini na moja. Kumbe ndani yake kuna kalamu mbili, moja ya nyaya na moja ya mapambo ya fremu na vishale, nami nilitumia ya mapambo tangu mwanzo hadi mwisho. Machoni pa kompyuta hakuna kitu kilichoshikana na kingine. Nilikuwa kama mtu aliyechora sahani ya chakula akakaa kungoja kushiba.

Nakuomba unitumie mchoro wako wa pawa saplai, ule wa karatasi ya kahawia uliokuwa ukutani. Nikiwa na kitu cha kuaminika mbele yangu, mkono utatulia.

Mpwa wako, mchoraji wa mapambo

* * *

27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, mara mia. Mkaza mjomba wako anakusalimu, anauliza mtoto ameanza kukaa mwenyewe au bado anaegemezwa mito kama mgeni wa heshima. Goti lake limetabiri mvua mara tatu wiki hii na mara tatu limekosea, lakini bado linaheshimiwa nyumbani humu kuliko mimi.

Barua yako nilimsomea. Tulipofika kwenye kalamu ya mapambo alicheka mpaka akavua miwani. Nami nikamwambia, usimcheke mtoto, fundi huyu unayemwona aliwahi kuilehemu redio siku nzima na chuma cha kulehemu ambacho hakijachomekwa ukutani. Basi akahamishia kicheko kwangu, na hapo ndipo kilipo mpaka leo.

Mchoro huo ndani ya bahasha. Kahawia ya pembeni ni ya karatasi, ile ya katikati ni chai. Niliuchora enzi zile kiuno changu kikipita mlangoni bila mazungumzo. Redio zote za mtaa huu zilitoka humo. Uuchore kama ulivyo. Usipunguze, usiongeze. Wasomi watakuja na maneno mengi, lakini saketi haisomi vitabu.

Hicho kiti ni chako. Mimi ninayekuambia ndiye niliyekukalisha juu ya makopo mawili ya rangi ili ufikie meza.

Mjomba wako, bingwa mstaafu

* * *

20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hapa wote wazima. Bibi Mdogo sasa anakaa peke yake kwa dakika nzima, kisha anaanguka upande mmoja taratibu kama mnara uliochoka, na anashangaa kila mara. Baba yake alipita siku mbili. Alilala siku moja na nusu, nusu iliyobaki akabeba mtoto. Mwambie mkaza mjomba nimeipokea kofia ya sufu, inamtosha, na anaila.

Mchoro wako umeingia kwenye kompyuta wote. Nilipata shida moja ya kunizeesha. Kapasita kubwa ilikuwa inalalamikiwa kuwa mguu wake mmoja unaning'inia. Nikautazama, waya umefika. Nikautazama tena, umefika. Nikamwita mwenzangu, akasema umefika. Nikakuza picha mpaka mguu wa kapasita ukajaa kioo chote, na hapo, Mjomba, pakawa na upenyo mwembamba kuliko unywele. Nilimaliza asubuhi mbili kuutafuta unywele. Nyumbani nina mtoto anayemeza vifungo, na kazini natafuta nywele.

Lakini nimefika. Juzi nilibonyeza ukaguzi, ikasoma: makosa sifuri. Nilikaa nikiitazama ile sifuri, nikatamani kuikata niiweke kwenye fremu.

Nina swali moja tu. Ile alama ya ardhi, mistari mitatu inayozidi kufupika kwenda chini, humu kwenye programu ina tabia yake. Ukiiweka hapa, ukaweka nyingine kule mwisho wa karatasi, programu inazihesabu zimeunganishwa, hata kama hujavuta waya wowote kati yake. Wewe umeiweka mahali patatu: kwenye upande hasi wa kapasita, kwenye kiunzi cha chuma cha kifaa, na kushoto kabisa, kabla ya transfoma, juu ya waya baridi, ule unaorudisha umeme ukutani. Kitabu nilichopewa hakina hiyo ya kushoto. Kwa nini uliiweka?

Natia mchoro uliochapwa ndani ya barua hii uutazame. Sina haraka sana. Ngoja Kwanza yuko safarini, na mchoro unapelekwa kiwandani kutengenezewa bodi za saketi mwishoni mwa Aprili.

Mpwa wako wa makosa sifuri

* * *

16 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Paa lilivuja juu ya kabati, nikapanda mwenyewe kuliziba, na sasa linavuja juu ya kitanda. Mkaza mjomba wako anasema nimelihamisha tu. Halafu goti lake likaanza, likafuatiwa na mgongo wangu, tukawa kama watu wanaopokezana zamu. Jirani yetu amenunua simu mpya yenye sauti ya jogoo, mtaa mzima sasa unaamka mara mbili.

Mtoto kukaa mwenyewe ni jambo kubwa. Mpe hongera.

Mchoro wako uliochapwa nimeuona. Mistari imenyooka sana. Mimi sikuwahi kuchora mstari ulionyooka vile hata kwa rula, na rula ilikuwa ya chuma.

Kuhusu ile alama, ndivyo tulivyozoea kuchora wakati ule. Usijisumbue nayo. Maswali mengi humchosha mtu kabla ya kazi. Kula vizuri, unanyonyesha.

Mjomba wako

* * *

4 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo. Bibi Mdogo anatambaa, na kwa kuwa anatambaa kinyumenyume, kila akikitaka kitu anakiacha mbali zaidi. Nimemtazama nikajiona mimi na ile programu.

Sasa niruhusu nikuseme kidogo, kwa heshima zote. Nilikuuliza swali moja. Ukanijibu kuhusu paa, goti, mgongo na jogoo wa jirani. Barua yako nimeisoma mara nne nikitafuta jibu kama nilivyotafuta ule unywele, na hapa hata nikikuza sioni kitu. Mimi ni mama, Mjomba. Mtoto akinyamaza sana chumba cha pili, najua kuna kitu ameshika. Umeshika nini?

Hata hivyo mchoro umekwenda, tarehe ishirini na nane, na alama zote tatu ndani yake. Uliniambia nisipunguze, sikupunguza. Bodi kumi zitarudi katikati ya mwezi, na Ngoja Kwanza naye atakuwa amerudi.

Kuna habari ambayo sikukuambia mapema, nilitaka kuifurahia peke yangu kwanza. Mizani yenyewe ni ya kupimia watoto wachanga. Juu ina sahani ya chuma, pana kama trei kubwa, mtoto analazwa hapo bila nguo hata moja, uzito unasoma mbele. Siku ya kuizindua wanataka mtoto halisi apimwe, na Ngoja Kwanza amesema kwa simu awe wa kwangu kwa kuwa mimi ndiye mchoraji. Tarehe mbili Juni. Nimeshaanza kumfundisha kulala chali bila kupiga mateke, na yeye ameshaanza kunifundisha kuwa haiwezekani.

Nisamehe kama nimekusema kwa ukali. Usingizi wangu ni wa vipande, na ulimi unafuata usingizi.

Mpwa wako

* * *

11 Mei

Mwanangu,

Leo sina salamu. Jirani ameshakutumia ujumbe kwa ile simu yake ya jogoo, nimesimama naye mpaka akasema umekwenda. Hii naandika ili ujue kwa nini.

Alama ya kushoto ni kosa. Ni kosa langu, si la zamani, si la mazoea.

Redio za kwanza nilizojifunzia hazikuwa na transfoma. Kiunzi chake cha chuma kilishikana na waya baridi moja kwa moja, lakini kilifungiwa ndani ya sanduku la mbao lenye vishikio vya plastiki, hakuna aliyekigusa. Nilipoanza kutengeneza zangu zenye transfoma, mkono uliendelea kuweka ardhi palepale. Transfoma kazi yake ni kutenganisha umeme wa ukutani na kitu kinachoshikwa na mtu. Mimi nilitenganisha kwa mkono mmoja nikaunganisha kwa mwingine. Waya baridi ni baridi mpaka siku plagi itakapogeuzwa, au fundi wa nyumba atakapokosea kufunga soketi. Siku hiyo unakuwa moto, na sahani ya chuma, iliyoshikana na kiunzi, inakuwa moto pamoja nao.

Nilijua. Mwaka wa pili wa ndoa nilimtengenezea mkaza mjomba wako redio ya sanduku la chuma, nikaona nimevumbua. Akaigusa akiwa anapiga deki, miguu mitupu. Ilimtupa mpaka kwenye kabati. Nilimwinua nikamwambia, "Wewe nawe, kwa nini unashika redio na mikono ya maji?" Wiki ile ile nikaifungua redio nikaona kosa, nikaukata ule waya kimyakimya. Karatasi sikuirekebisha. Ilikuwa ukutani, kila mteja aliiona, na kufuta ilikuwa kama kumtangazia kila mtu.

Miaka thelathini na moja ukoo mzima unamtania kwa mikono yake ya maji. Nawe umemtania. Mpaka leo hachomeki pasi, ananiita mimi niichomeke, nami naichomeka kwa madaha kama daktari bingwa.

Uliponiuliza, nilikaa na barua yako wiki tatu. Nikajiambia mizani ya kliniki ni ya kupimia mabunda ya dawa, nani ataigusa. Ndivyo mtu mzima anavyojidanganya, hahitaji hata msaada.

Kata ardhi ya kushoto. Mtoto asiwekwe pale.

Mjomba wako, asiye bingwa wa chochote

* * *

6 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sote wazima, na naanza na hilo mapema ili upumue.

Ujumbe wa jirani ulinifikia nikiwa kwa mlezi, mtoto begani, mfuko wa nepi mkononi. Nakunukulia kama ulivyo: "Mjomba wako anasema mtoto asiwekwe kwenye mizani. Anasema kata ardhi ya kushoto. Analia lakini amesema nisiandike hilo." Jirani yako ni mtu mwaminifu, Mjomba, ila si kwako.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Ngoja Kwanza. Alikuwa amerudi siku hiyo, na sanduku la bodi kumi lilikuwa mezani kwake, anakata utepe.

"Mama, usizifungue," nikamwambia. "Mchoro una kosa."

"Ngoja kwanza. Kosa gani? Ukaguzi si ulisoma sifuri?"

"Ulisoma sifuri. Lakini nimeunganisha ukuta na sahani."

Akauvuta mchoro, akaweka kidole kushoto, akakitembeza mpaka kwenye sahani. Kisha akaniuliza ni lini nilianza kulitilia shaka.

Na hapa nami nina la kuungama, maana haitakuwa haki uvuliwe nguo peke yako. Nilitilia shaka Machi. Kitabu kilikuwa wazi mbele yangu. Kumuuliza yeye kungekuwa kukiri kuwa nimenakili mchoro wa mtu, nami nilikuwa nimemwambia ni wangu. Kwa hiyo nikakuuliza wewe uliye mbali, nikijua jibu litachelewa, na mchoro nikaupeleka kabla shaka haijatulia. Nilimwambia hivyohivyo.

"Kwa nini?" akauliza.

"Niliogopa zamu ya alfajiri."

"Na mtoto wako ulikuwa unamleta hapa alazwe."

Mpaka sasa nikimfunga nepi nalisikia lile neno.

Aliniambia bodi zote kumi zitatupwa, na kuhusu kiti changu ataamua baada ya majaribio kwisha, nisimsumbue. Nikarudi kwenye kompyuta. Kuiondoa ile alama kulichukua mbofyo mmoja. Nikabonyeza ukaguzi. Makosa sifuri. Kabla ilikuwa sifuri na baada ya hapo sifuri. Haikuona tofauti yoyote. Ile sifuri niliyotaka kuitia fremu haijui kama duniani kuna mtoto.

Kwa hiyo sasa nakagua mwenyewe kwanza. Nimechapa mchoro, nachukua kalamu nyekundu, naanza ukutani, najiuliza: nikisimama hapa bila viatu nikashika pale, nini kinanipata? Mwenzangu ananicheka, anasema nasali juu ya karatasi. Mwache acheke. Mchoro huu mpya nimeuchora bila kutazama wako, na una kasoro zangu mwenyewe, ambazo ni nyingi na ninazifahamu kwa majina.

Sasa la mkaza mjomba. Karatasi yako ya kahawia nakurudishia ndani ya bahasha hii. Alama ya kushoto sikuifuta. Utaifuta wewe, mezani, yeye akiwa amekaa mbele yako, na utamwambia kwa nini. Mimi sitamwambia, wala sitakusaidia maneno. Nakupenda, Mjomba. Uliweza kumsimamia jirani mpaka ujumbe ukaenda, na hilo sitalisahau mpaka naingia kaburini. Lakini yeye amebebeshwa kosa lako miaka thelathini na moja. Mimi pia nilimcheka, na barua yake ya kuomba radhi nitaiandika siku nitakaposikia umeshasema. Usinijibu kabla ya hapo.

La mizani nimeliweka mwisho makusudi, usije ukaliruka la juu.

Bodi mpya zilifika tarehe thelathini na moja. Tarehe mbili tukaipima. Tuligeuza plagi, tukaigeuza tena, kipimo kwenye sahani hakikusogea. Niliweka kiganja changu mimi kwanza. Halafu mkono wote. Halafu nikavua viatu nikasimama sakafuni nikaweka mikono yote miwili, mpaka Ngoja Kwanza akasema, "Basi, hatupimi wewe."

Ndipo nikamlaza. Bibi Mdogo akatazama dari. Akatulia, kitu ambacho hajawahi kunifanyia nyumbani. Mizani ikasoma kilo nane na gramu mia tatu, watu wakapiga makofi. Na yeye, kwa raha zake, akakojoa. Si kidogo. Sahani ikajaa, ikamwagikia ukingoni, ikapita juu ya kioo cha namba, ikatiririka mpaka kwenye kifuniko cha pawa saplai yangu.

Nilikuwa nimeshamshika kabla sijajua nimemshika. Namba zikabaki palepale kwenye kioo, zimelowa, zinawaka. Ngoja Kwanza akainama kwenye kipimo chake, akakitazama kwa muda mrefu kiasi cha mtu kuzeeka. Sindano haikuwa imeondoka kwenye sifuri.

"Miaka kumi na tisa niko kwenye kazi hii," akasema huku akitafuta kitambaa, "sijamwona mchoraji anayekuja na maji yake ya majaribio." Kisha akanipa kitambaa nipanguse mimi. "Bodi kumi zilizotupwa sijazisahau. Jumatatu njoo saa mbili, kuna mchoro wa pili."

Mpwa wako, mchoraji